Kura Kabla ya Nywele Kukauka

Saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, Jumamosi ya tarehe kumi Septemba, mlango wa Ukumbi B katika viwanja vya maonyesho vya kaunti ulikuwa wazi, na ndani taa nne kati ya sita zilikuwa zinawaka. Lorna Pudlowski alizihesabu kwa mazoea. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kupima maji ya visima, na mtu wa kazi hiyo huandika anachokiona kabla ya kuandika anachokidhani. Viti themanini. Meza moja mbele. Birika kubwa la kahawa ambalo hakuna aliyekumbuka kulichomeka kwenye umeme. Alilichomeka.

Alikuwa ameendesha gari maili mia moja na arobaini, mbwa wake Pilot akiwa amelala kiti cha nyuma, na alichokifuata huko kilikuwa sentensi moja. Sentensi hiyo ilisema kwamba kila mzalishaji wa mbwa anayetaka jina lake likae kwenye orodha ya klabu atawapeleka baba na mama wa kila uzao kwa daktari wa moyo wa wanyama, na majibu yake, yawe mazuri au mabaya, yatabandikwa kwenye ukurasa wa klabu mahali ambapo kila mtu anaweza kuyasoma. Mwaka uliotangulia alikuwa ameileta sentensi hiyo hiyo, ikapata kura kumi na tisa dhidi ya thelathini.

Sababu ya sentensi hiyo iliitwa Otto. Otto alikuwa mbwa wa Orsund, mbwa wale wakubwa wenye manyoya marefu ya kijivu, na alikufa akiwa na miaka minne na mwezi mmoja, Jumanne, saa moja na robo asubuhi, kati ya friji na bakuli lake. Daktari alimpasua akakuta mshipa mkuu wa moyo umebana. Alisema ni jambo la kuzaliwa nalo na la kurithi.

Lorna alimpigia simu aliyemuuzia, Corliss Maddern, ambaye alikuwa amewazalisha mbwa hao kwa miaka arobaini na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa klabu. Corliss alilia kwenye simu, kilio cha kweli, si cha adabu, kisha akasema mambo kama hayo hutokea. Miezi minane baadaye alimletea Lorna mtoto mwingine bila malipo, kama mkataba ulivyosema, akambeba mwenyewe hadi mlangoni ndani ya blanketi. Huyo ndiye Pilot. Hati zake zilipofika kwa posta, Lorna aliona kwamba baba yake ni yule yule wa Otto: mbwa wa Corliss mwenyewe, aitwaye Baron.

Aliuliza kama moyo wa Baron umewahi kupimwa. Corliss alijibu kwamba Baron anapanda kilima cha nyuma ya nyumba kama kijana. Lorna aliyaandika maneno hayo, akaweka tarehe, na chini yake akaandika: si jibu.

Pilot alipofika miaka miwili, alimpeleka kwa daktari wa moyo. Alikutwa mzima. Daktari alisema arudishwe akifika minne, kwa kuwa ugonjwa huo haupigi hodi mapema. Asubuhi hiyo ya Septemba Pilot alikuwa na miaka mitatu na miezi kumi.

Kuingia kwenye klabu hakukuwa kazi ya siku moja. Fomu ilitaka sahihi za wanachama wawili, jina la mwombaji likachapwa kwenye jarida ili mwenye kinyongo aseme, na baada ya hapo akatumikia miaka miwili bila kura. Sahihi ya kwanza kwenye fomu ya Lorna ilikuwa ya Corliss. Alisema klabu inahitaji mikono. Mikono hiyo ilipanga magari, ilipika supu na kuokota kinyesi, na wazalishaji waliiita, kwa upole na hata mbele yake, watu wa makochi, kwa sababu mbwa wao hawakuwa na tuzo wala kazi ila kulala kwenye kochi. Kura nayo walipewa kwa shida. Wazalishaji walikuwa wanazeeka na kufa, na klabu ikishuka chini ya wanachama sitini hunyang'anywa haki ya kuandaa maonyesho. Kwa hiyo katiba ilibadilishwa, watu wa makochi wakawa wanachama kamili, na kwa muda fulani hakuna aliyefikiri kwamba wangeitumia kura yao.

Dale Okerlund aliingia dakika kumi kabla ya saa kumi na mbili, amekumbatia masanduku mawili ya donati. Zamani alikuwa dereva wa lori la maziwa. Alikuwa na mbwa wawili wa Orsund, wote wanene.

"Umelala humu humu nini, dada?"

"Nimefika saa kumi na moja na dakika thelathini na nane."

"Basi hukulala kabisa." Aliyatua masanduku mezani. "Nimehesabu magari ya watu wetu pale nje. Ishirini na manne, na mengine yanaingia. Yule mama wa Green Bay amekuja na nguo za kulalia, kavaa koti juu."

"Na wao?"

"Wamo bandani. Sikiliza."

Lorna alisikiliza. Kupitia ukutani ulikuja mvumo mmoja mpana usiokatika, kama kiwanda cha mbao. Zilikuwa mashine za kukaushia nywele, na kwa masikio yake hazikupungua thelathini.

Kamati ya klabu ilikuwa na watu watano, wote wazalishaji. Mwezi Machi ilikutana jikoni kwa Corliss na kuuhamisha mkutano mkuu, ambao kwa miaka yote ulifanyika Jumamosi jioni baada ya chakula, ukawekwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Sababu iliyoandikwa kwenye kumbukumbu ilikuwa kwamba wanachama wawe na akili zilizotulia. Sababu isiyoandikwa ilieleweka na kila mtu. Wazalishaji hulala pale pale viwanjani ndani ya magari yao ya kulala, ilhali watu wa makochi hutoka majumbani, na wengi wangelazimika kuondoka kabla ya jogoo kufikiria kuwika.

Hesabu hiyo ilikuwa sahihi hadi Julai. Tarehe ishirini Julai waandaaji wa maonyesho waliandika kwamba mwamuzi anayetoka Oregon ana ndege ya kuwahi, hivyo mbwa wa Orsund hawataingia ulingoni saa tano bali saa mbili asubuhi. Mbwa huyo lazima aoshwe asubuhi ile ile ya maonyesho, akaushwe kwa mashine saa mbili nzima na achanwe huku akikaushwa. Ukimwacha na unyevu, manyoya yanajikunja, na kitabu cha sifa za mbwa huyo kinataka manyoya yaliyonyooka. Wala huwezi kumwacha peke yake juu ya meza amefungwa shingo. Mzalishaji yeyote aliyajua haya kama anavyojua njia ya chooni kwake. Lakini mwezi Machi, jikoni, hapakuwa na mbwa aliyelowa.

Katiba ilikataza kubadilisha saa ya mkutano zikiwa zimebaki siku chini ya sitini. Zilikuwa zimebaki hamsini na mbili. Katibu wa klabu, Winifred Tebbe, aliiona barua hiyo, akaisoma mara mbili na kuiweka kwenye faili lake. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini na tisa Corliss Maddern aliingia ukumbini akiwa amevaa aproni ya mpira, chanuo mkononi, mkono mmoja wa shati umelowa hadi kwenye kiwiko. Alikuwa na miaka sabini na moja. Bandani alikuwa amemwacha Halvard, mtoto wa Baron, ambaye hayo yangekuwa maonyesho yake ya mwisho, na wifi yake ndiye aliyeishika mashine. Aliviangalia viti, safu kwa safu.

"Mmeamka," alisema.

"Sisi hatuna nywele za kukausha, mama mwenyekiti," Dale alisema. "Mimi hata za kichwani kwangu sina."

Watu walicheka, na Corliss naye kidogo. Winifred hakucheka kwa sababu alikuwa anahesabu. Alitangaza kwamba waliopo ni thelathini na saba, akidi ni ishirini, mkutano ni halali. Watu wa makochi walikuwa ishirini na sita. Wazalishaji walikuwa tisa, bila kumhesabu mwenyekiti na katibu, ambao kwa desturi ya klabu hawapigi kura. Wazalishaji wengine wote, zaidi ya thelathini, walikuwa upande wa pili wa ukuta.

Corliss alikaribisha hoja ya kuahirisha mkutano hadi jioni. Ilitolewa, ikaungwa mkono, ikapigiwa kura, ikaanguka. Winifred akaiandika.

Lorna alisimama na kusoma sentensi yake. Hakuongeza neno. Dale aliunga mkono akiwa na donati mdomoni, na Winifred akamtaka arudie baada ya kumeza.

Mjadala ulichukua dakika thelathini na tano. Ray Burkhalter, aliyekuwa na mabanda kaskazini, alisema daktari wa moyo yuko mbali na foleni yake ni ndefu. Lorna alikubali: foleni ni wiki sita, ameuliza mwenyewe mara tatu kwa nyakati tofauti na jibu halikubadilika, kwa hiyo anayepanga uzao wa masika ana muda wa kutosha. Mzalishaji mwingine alisema mtu ambaye hajakesha na jike anayezaa asije kumfundisha kazi. Mama wa Green Bay alifunga vifungo vya koti lake na kusema kwamba yeye amekesha na mbwa anayekufa, na kama mkesha ndio unaompa mtu haki ya kusema, basi anao. Watu watatu wa makochi, walioketi pamoja karibu na dirisha, walikaa kimya. Wote watatu walikuwa kwenye foleni ya kungoja watoto wa Halvard, na kila mmoja ukumbini alilijua hilo.

Corliss alitakiwa kukiacha kiti ili aweze kuchangia. Winifred alimkumbusha. Alisimama pembeni ya meza, chanuo lingali mkononi.

"Lorna, unadhani mimi sikumpenda Otto?"

"Sijasema hivyo."

"Mimi ndiye niliyempokea. Alikuwa mkubwa kama kiatu, hapumui, nikampulizia mdomoni. Mbwa hawa ni wachache. Ukimwondoa kila mwenye kasoro utabaki na picha ukutani."

"Hoja haimwondoi mbwa yeyote. Inasema majibu yaandikwe."

"Yakiandikwa nani atanunua?"

"Anayejua anachonunua."

Corliss aliligeuza chanuo, akayatazama meno yake. Ndipo Lorna alipouliza swali ambalo hakuwa amepanga kuliuliza.

"Baron amepimwa?"

"Hilo halimo kwenye hoja," Corliss alisema.

Winifred aliipitia hoja na kuthibitisha kwamba hilo halimo.

Saa moja na dakika kumi na nane kipaza sauti cha nje kilitangaza kwamba madume wa Orsund wawe langoni pa ulingo wa kwanza saa mbili kasoro dakika tano, na kwamba mwamuzi hatamngoja mtu. Ray Burkhalter alisimama. Alimnong'oneza jirani yake kwamba anakwenda kumgeuza mbwa upande wa pili tu, dakika tano, anarudi. Wengine wawili wakamfuata. Waliobaki waliangalia saa, kisha wakaangaliana.

Corliss alirudi kwenye kiti na kuomba mapumziko ya dakika kumi. Alikuwa na haki ya kuomba.

"Napinga," Lorna alisema.

"Dakika kumi tu, Lorna. Mbwa wangu yuko juu ya meza."

"Najua. Napinga."

Mapumziko yalipigiwa kura. Yakakataliwa. Dale, aliyekuwa ameketi nyuma ya Lorna, alimwambia kwa sauti ya chini kwamba yeye ni mwanamke wa barafu na kwamba asisahau kumwalika kwenye Krismasi.

Halikubaki la kufanya ila kura yenyewe. Winifred aliinuka, akatembea hadi mlangoni, akaufunga na kukaa tena. Kanuni ya nane ilisema mlango ukishafungwa kwa ajili ya kura haufunguliwi hadi matokeo yatangazwe, na aliye nje yuko nje. Kanuni hiyo ilikuwa na miaka kumi na tisa, na ilitungwa na Corliss Maddern baada ya mwaka ambao mtu mmoja alipiga kura, akatoka kuvuta sigara, akarudi kupiga tena.

Wanaokubali walisimama. Winifred aliwahesabu kutoka kushoto, kisha kutoka kulia. Wakakaa. Wanaokataa wakasimama: wazalishaji sita, na wale watatu wa dirishani, wakitazama sakafu.

Mlango uligongwa. Kupitia kioo chake chembamba alionekana Ray Burkhalter, brashi mkononi, maji yakimtiririka mkononi. Aligonga tena. Winifred alikuwa anaandika.

"Kukubali, ishirini na tatu," alisema. "Kukataa, tisa. Waliopiga ni thelathini na wawili. Kanuni hubadilishwa kwa theluthi mbili, yaani ishirini na mbili."

"Na wale watatu waliotoka wangekuwa ndani?" Dale aliuliza.

"Zingehitajika ishirini na nne," Winifred alisema. "Hawakuwa ndani."

Corliss alimtazama Ray kwenye kioo kwa muda kidogo. Kutangaza matokeo ni kazi ya mwenyekiti, na hakuna mwingine anayeweza kuifanya mwenyekiti akiwepo.

"Hoja imepita," alisema. "Inaanza kutumika tarehe mosi Novemba. Mkutano umefungwa. Winifred, fungua huo mlango kabla hajauvunja."

Ilikuwa saa moja na dakika ishirini na saba. Alitoka kwa mwendo wa haraka kadiri magoti yake yalivyomruhusu.

Lorna hakuona yaliyotokea ulingoni. Kwa mujibu wa ratiba ya kazi, kuanzia saa mbili alikuwa lango la mashariki akipanga magari. Aliyasoma matokeo saa sita kwenye ubao. Madume walikuwa sita, riboni nne. Halvard alikuwa wa tano. Dale, aliyeshuhudia, alieleza kwamba manyoya ya kifuani yalikuwa yamejikunja upande wa kushoto, kiasi cha kiganja, na mwamuzi aliyapitisha vidole mara moja akaenda kwa mbwa mwingine.

Saa nane mchana Corliss alipita lango la mashariki akiendesha gari lake la kulala. Alisimama, akateremsha kioo. Halvard alikuwa nyuma, amelala, ametandaza miguu.

"Mwaka ujao mkutano utarudi jioni," alisema.

"Nitaleta supu," Lorna alisema.

"Ile ya njegere. Ya kuku haikuwa na chumvi." Akapandisha kioo, akaondoka.

Tarehe mosi Novemba ukurasa wa majibu ulifunguliwa, ukiwa na kichwa cha habari na jedwali tupu. Lorna aliuangalia kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Tarehe mbili ulikuwa mtupu. Tarehe tatu ulikuwa mtupu, na Ray Burkhalter alikuwa ameliondoa jina lake kwenye orodha ya wazalishaji. Tarehe nne, saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, mstari wa kwanza ulikuwepo.

Mbwa: Baron. Mmiliki: C. Maddern. Umri: miaka tisa. Matokeo: moyo una mlio usio wa kawaida, daraja la tatu kati ya sita, mshipa mkuu umebana kiasi. Ushauri wa daktari: asizalishe tena. Tarehe ya kupimwa: kumi na mbili Septemba.

Lorna aliisoma tarehe hiyo kwanza kama mtu anavyosoma tarehe. Kisha aliichukua kalenda ya ukutani. Kumi na mbili Septemba ilikuwa Jumatatu, siku mbili baada ya mkutano. Foleni ya daktari yule ilikuwa wiki sita. Alihesabu kurudi nyuma kwa ncha ya kalamu, juma kwa juma, akafika Agosti mosi, kisha akahesabu tena kutoka upande mwingine na kufika hapo hapo. Aliyetaka nafasi ya Septemba kumi na mbili ilimlazimu apige simu kufikia siku hiyo, siku arobaini kabla ya kura.

Aliuchapa ukurasa huo kwenye karatasi na kuuweka ndani ya faili la Otto, juu ya karatasi iliyosema: si jibu.

Saa tatu na nusu alimpigia simu daktari wa moyo na kuomba nafasi ya Pilot. Aliambiwa wiki sita: Ijumaa, tarehe kumi na sita Desemba, saa nne asubuhi. Mpokea simu aliuliza siku hiyo mbwa atakuwa na umri gani, kwa ajili ya fomu.

"Miaka minne na mwezi mmoja," Lorna alisema, umri aliokufa nao Otto, na mpokea simu akaandika.